Ferista, Uliyetaka Pasiwe na Pingu Msibani

Mwaka umetimia sasa, Ferista mwanangu, tangu presha ikuchukue asubuhi ile ukiwa umeinama kuchochea moto, na maharage yako yakaungua kwa mara ya kwanza.

Foleni ya malori hapa mpakani, mbele ya kibanda chako cha chakula, bado ipo. Madereva bado wanaulizia wali wako wa mchele wa Kamsamba, na yule mama aliyekuwa anawaita "baba" hata wale vijana. Sasa anapika mkweo Irene. Anajitahidi, chumvi tu ndiyo haijamsikia.

Ulikuwa na desturi ya kuacha ugali pembeni, umeufunika na bakuli la bluu, kwa ajili ya mgeni usiyemjua. Ndivyo tulivyokulea: mgeni anakula kwanza, ndipo anaulizwa atokako. Ndivyo ulivyompata yule binti aliyekimbia vita kwao, hana karatasi, homa imemmaliza. Alikula, ukamlaza, akawa mwanao. Homa iliporudi ukampeleka zahanati. Huko wenye sare wakamchukua akiwa bado na dripu mkononi, akavushwa mpaka.

Toka hapo hukutulia. Kila mkutano wa mtaa ulisimama na kitenge chako cha kijani, ukaomba jambo lile lile: iwekwe sheria, mtu asikamatwe akarudishwa kwao akiwa kitandani mgonjwa, au shuleni, au kanisani, au msibani. Walikucheka. Mmoja akasema, "Mama Ipyana, kapike wali, sheria zina wenyewe."

Ukamjibu, "Hao wenyewe wanakula kwangu, na hakuna niliyemuuliza karatasi kabla ya kumpakulia."

Ulipoondoka, yule binti alisikia huko kwao, akaja kukuzika. Unajua mila yetu, waliotoka mbali lazima washukuriwe kwa majina, watu waone marehemu alivyopendwa. Mjomba wako Ambakisye akashika kipaza sauti kwa heshima zote, akamtaja jina lake, na kwao, na alivyohangaika porini bila kibali kwa ajili yako. Watu wakalia. Udongo wa kaburi lako haujakauka, wenye sare wakaja kumchukua tena, kanga ya msiba bado iko kiunoni. Ambakisye hajashika kipaza sauti tangu siku hiyo. Simlaumu, alitaka kukupa heshima.

Nimechoka, mwanangu. Magoti yananisumbua, lakini mikutanoni nakwenda, nakaa pale ulipokuwa ukikaa. Wananiambia, "Bibi, jambo lako tumelisikia." Wamelisikia tangu ukiwa hai. Nanyoosha mkono tena.

Ibada ya kukukumbuka itafanyika hapa nyumbani, Chapwa, Jumamosi asubuhi, na chakula kitakuwepo. Ndugu mnaotoka mbali mtatusamehe, safari hii hatutasoma majina. Njooni tu, mle kwanza.

Unakumbukwa na mimi mama yako Leah, mume wako Hezron, mwanao Ipyana na mkewe Irene, mjomba wako Ambakisye, na ndugu wote wa Tunduma na wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

Na mwanao mwingine, unamjua. Alipo hatusemi. Jina lake tutaliandika pamoja na yetu siku ile sheria yako itakapopita. Mpaka hapo bakuli la bluu linafunika ugali wake kila jioni, na wewe, Ferista, hatutakusahau kamwe.