Maelezo ya dada wa aliyeshika mlango wa duka la dawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa lifti
Makazi: nyumba ya ghorofa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mji wa jirani

Mimi ni fundi wa lifti kwa miaka kumi na saba. Msaidizi wangu ni mdogo wangu wa tumbo moja, mwenye miaka 33. Kwa utani tunamwita Redio, maana haongei. Ndiye huyo mnayemshikilia.

Kazini tuna kanuni moja. Nikiingia kwenye shimo la lifti, yeye husimama mlangoni na haondoki, wala hamruhusu mtu kuugusa, mpaka anione kwa macho. Sauti haitoshi, kwa sababu mle shimoni sauti hudanganya. Neno letu ni "shika mlango". Nilimfundisha mimi, tena kwa ukali, baada ya fundi mwenzetu kupondwa mguu kwa kuwa msaidizi wake alikwenda kunywa chai.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi, tulifika hapa jijini kwa basi kutembea wikiendi. Redio alitaka kusikiliza bendi za roki uwanjani. Muziki huo kwangu ni mabati yanayoburutwa, lakini damu nzito kuliko maji, nikafuatana naye. Ilipofika saa tisa na nusu alasiri kichwa kilikuwa kinanipasuka. Tulitoka, tukavuka barabara hadi duka la dawa linalotazamana na geti la uwanja. Waandamanaji walikuwa wakipita na mabango yao, bila fujo. Mlango wa duka, ule wa chuma wa kushusha kutoka juu, ulikuwa umeshushwa nusu. Niliinama nikaingia, nikamwambia mdogo wangu kwa mazoea tu, "Shika mlango."

"Haya, dada," akasema.

Ndani alikuwamo muuza dawa peke yake. Kabla hajanipa vidonge nilisikia vishindo, kisha moshi wa kuwasha macho ukaingia. Akaniambia, "Dada, huko mbele hakufai. Pita huku." Tulitoka wote wawili kwa mlango wa stoo, akaufunga kwa kufuli. Sikurudi kumwambia Redio. Nilidhani ameshakimbia kama mtu yeyote mwenye akili zake. Kumbe akili hiyo ya kukimbia nilishamtoa mimi mwenyewe, siku nyingi.

Kulizunguka jengo kulinichukua kama dakika kumi, kwani vichochoro vilijaa watu. Saa kumi kasorobo hivi nilimwona. Alikuwa amesimama chini ya ule mlango, mikono yote miwili juu, anauzuia usishuke. Askari watatu walikuwa wakimpiga virungu mikononi. Midomo yake ilirudia jambo moja, baadaye aliniambia alikuwa akisema, "Dada yangu yumo ndani." Nikapaza sauti, "Nimetoka! Niko huku!" Bendi zilikuwa bado zinapiga, hakusikia. Hata angesikia, asingeuachia. Nilisukumana na watu mpaka aliponiona. Hapo ndipo alipouachia, akaanguka.

Hati ya kukamatwa inasema alikuwa akivunja duka ili aibe, na kwamba alikaidi amri ya kutawanyika. Si kweli. Mdogo wangu hajawahi kuchukua hata msumari wa mtu. Na amri aliitii, ila ilikuwa yangu. Muuza dawa hajafungua tangu siku hiyo na simu yake haipatikani, kwa hiyo shahidi ni mimi tu. Nisiposema mimi, anafungwa.

Jana Jumapili, saa mbili asubuhi, niliruhusiwa kumwona hospitalini. Mikono yote miwili imefungwa plasta. Hakulalamika. Aliniuliza swali moja: "Na yule muuza dawa, naye alitoka salama?"

Nikamjibu alitoka. Hakuuliza alipitia wapi, na mimi sikumwambia. Niliona aibu, afande. Naona aibu mpaka sasa.

Nimeelezwa kwamba maneno haya yatasomwa mahakamani mbele yake. Basi hapo ndipo atakapojua kwamba mle ndani hamkuwa na mtu.

Niliyoyaona nimeyasema, na kosa langu nimeliweka humu kwa hiari yangu.

(Saini ya shahidi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake leo Jumatatu tarehe 16, saa tano asubuhi, akakubali kuwa ni sahihi. Nilimuuliza kama angependa nifute ile sentensi ya hamkuwa na mtu. Akasema iachwe, akatia saini.