Karatasi Niliyoitia Fremu

Mpwa wangu mpenzi, msomi wa ukoo wetu,

Salamu hizi zikukute mzima wa mwili, ingawa najua moyo hauna raha. Mama yako hajambo, uvimbe wa mguu umepungua. Mimi ndiye yuleyule fundi wa fremu ambaye hakuna ukuta mtaani usiobeba kazi yake. Juzi nimekata kioo kikubwa kuliko mlango, kwa mkono mmoja, huku napiga chafya. Haya, hayo tuyaache.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Kwamba hospitali imekupa kazi ya kutunza stoo ya dawa, kisha alama zako za vidole zikarudi na maneno kwamba umeshtakiwa kwa wizi na kesi haijaisha. Kwamba fomu iliuliza kama umewahi kushtakiwa, nawe ukaandika Hapana, kwa kuwa mjomba wako alikuhakikishia faili lilichomwa moto. Na Ijumaa saa mbili asubuhi ufike mbele yao na maelezo, la sivyo kazi apewe mwingine.

Jumatano nilifunga duka, nikavaa koti langu la kuendea harusi za watu, nikaenda ofisi ya kumbukumbu za polisi. Karani ni mama mmoja wa miwani mizito, hacheki hata umtekenye. Nikamwambia mimi ni mtu wa kujuana na wakubwa. Akanijibu kwamba wakubwa wako ghorofani, pale chini wana makaratasi tu. Akavuta faili lako. Mwanangu, lipo! Jembamba, limefungwa kamba, na picha yako ya miaka kumi na sita, macho yamevimba kwa kulia.

Nikapandisha sauti. Nikasema simu ile uliyodaiwa kuiba ilikutwa ndani ya kochi la mwenyewe, mahakama ikaondoa mashtaka, mtoto hakuhukumiwa hata siku moja, sasa faili linatafuta nini humu? Akavua miwani. Akanieleza kwamba mashtaka yakiondolewa, hata ya mtoto, faili halijifuti lenyewe. Mahakama hutoa barua, barua hupelekwa pale kwake, ndipo wao huandika mwisho wa kesi. Yako haikufika. Akanigeuzia ukurasa ulioandikwa kwamba barua ilichukuliwa na mlezi ili aifikishe, na sahihi chini yake, ina mkia mrefu kama wa kima.

Sahihi yangu.

Akaniuliza barua iko wapi. Mimi, niliyekusimulia kwamba hakimu alisimama aliponiona, na mkuu wa kituo akaliwasha faili kwa kiberiti changu, nilimwambia naifuata, nikatoka.

Mpwa wangu, hakuna kilichochomwa. Hakuna mkuu wa kituo anayenijua. Barua ile niliitia fremu. Ni ile iliyoning'inia dukani miaka minane, juu karibu na dari, ili muhuri uonekane na maneno yasisomeke. Wateja wakiuliza, nawaambia mahakama ilinishukuru kwa maandishi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinyooka miaka minane, nikadhani nimewazidi akili wahenga.

Nilirudi nikaivunja fremu kwa nyundo. Karatasi imefifia, ila muhuri umeshika. Leo Alhamisi asubuhi karani ameipokea, akaandika kwamba mashtaka yaliondolewa. Amenionya kwamba mstari wa kushtakiwa bado upo. Kuufuta kabisa ni ombi lingine, mahakamani, na safari hiyo nitaitembea mimi. Kwa sasa ukiulizwa, sema ulishtakiwa na mashtaka yakaondolewa.

Nakala ya alichoandika karani, yenye muhuri, imo ndani ya bahasha hii, anakuletea dereva wa gari la vioo leo hii. Lakini nakala inajibu habari ya faili tu. Wakikuuliza kwa nini uliandika Hapana, jibu ni barua hii. Wasomee yote, hata pale pa chafya. Wakisema umewadanganya, aliyedanganya anuani yake iko nyuma ya bahasha.

Mama yako anakusalimu. Bado hajui. Nikishatia sahihi naenda kumwambia.

Ni mimi mjomba wako, mlezi aliyepokea barua asiifikishe,

Fundi wa fremu

Sahihi ndiyo ileile yenye mkia. Wailinganishe.