Tochi Iliyofika Mpaka Tangini

Shoga, nusura niue mtu. Kwa tochi!

Si unajua bosi hauzi tochi kubwa mpaka niijaribu nje? Giza likianza kuingia nasimama nyuma ya duka, namulika lile tangi la maji ng'ambo ya uwanja. Nikiisoma namba yake, tochi imefaulu.

Leo nimewasha, namba naiona kama mchana. Na fundi bomba yuko juu ya ngazi ya tangi! Mwanga ukampiga usoni, akaziba macho kwa mikono yote miwili. MIWILI, shoga! Ngazi kaiachia!

Akaserereka, akadaka kipago kimoja, akaning'inia. Mimi kwa kiwewe nikazima. Nikamsikia: "Sioni! Mama yangu, sioni!"

Roho mkononi, nikawasha tena, nikamulika chini ya miguu yake. Akashuka kipago kimoja kimoja.

Kaja mpaka dukani. "Mungu akubariki dada, umenimulikia ngazi. Ila yule mwehu wa kwanza, nikimjua atanitambua."

Nikaitikia, "Amina."

Nimejifungia stoo. Namsikia anamuuliza bosi, "Tochi kali kama ile mnazo ngapi?"

Shoga, tuna moja tu.