Tope, Maziwa na Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Pua yangu bado inaijua njia! Vumbi la kokoto likilowa lina harufu yake, huwezi kuifananisha na kitu kingine. Nilishusha dirisha la gari la ofisi nikavuta pumzi hadi mwisho. Dereva akaniuliza kama nataka kutapika. Watu wengine hawana hata chembe ya adabu.

Bosi kanituma mimi kwa sababu eti ni mwenyeji. Kazi yenyewe kuisema ni fupi. Machimbo ya kokoto yanavuta maji mengi kuliko kibali kinavyoruhusu, na maji machafu wanayarudisha mtoni. Walioko chini ya mto wanalia. Kufikia Ijumaa, ama wanionyeshe mahali pa kuyazungusha maji yaleyale, papigwe vigingi, ama niifunge pampu kwa mnyororo na kufuli ya ofisi. Pampu ikifungwa, kokoto hazioshwi. Kokoto zenye tope hakuna anayezitaka. Maana yake kila mtu wa pale arudi nyumbani akakae.

Na pampu yenyewe — mpya, ya bluu, inabonyezwa kitufe tu! Ya baba ilikuwa inakohoa. Baba alikuwa fundi pampu hapa mpaka Mungu alipomchukua. Kila asubuhi pampu yake ilibidi inyweshwe kwanza. Unamimina maji juu, ndipo inakubali kuvuta. "Mnyweshe bibi," baba alikuwa ananiambia, nami namimina kwa kikopo changu, najiona mtu mkubwa kwelikweli. Hii ya bluu haiombi kitu kwa mtu. Nimeichukia papo hapo, na si haki, chuma hakina kosa.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, sasa ndiye msimamizi wa chekeche kubwa la kuoshea. Aliniona kwa mbali akaacha kila kitu. "Chura wangu!" Mbele ya meneja! Afisa mzima wa maji, na jaketi langu la kung'aa, naitwa Chura! Nikampa shikamoo yake, akaitikia huku ameshanishika mashavu. Habari ya gesti amekataa katakata. Nalala kwake.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua macho nikakuta ufa mbele ya uso wangu, kutoka sakafuni hadi darini. Nyumba hii "inacheka", ndivyo wanavyosema wenyewe. Inacheka chumba cha wageni, inacheka sebuleni. Kila mwaka baba mdogo anaziba, kila mwaka inafunguka. "Inacheka kwa sababu ina furaha," ananiambia. Mama mdogo akadakia kwamba furaha hiyo siku moja itatuangukia utosini. Jikoni kwake tu ndiko hakuna ufa. Anajisifu kwamba ni usafi wake. Miaka yote hii na bado wanataniana kama wachumba — nimecheka hadi chai ikanipalia.

Kisha nikashuka mtoni na kicheko kikaisha. Mwanamke wa bustani za mboga alinipokea mikono kiunoni. Salamu hakuna. Akachota maji kwa kikombe akaniwekea chini ya pua: kunywa, afisa. Rangi ya chai ya maziwa. Sikunywa. Anasema asubuhi yanakuja hivyo, na mchana pampu ikishika kasi hayaji kabisa. "Kokoto zao zinaoga kila siku, wanangu wanaoga kwa zamu." Nilitaka kucheka nikaona machozi yanamlengalenga. Matuta yake mawili ya mwisho yamekauka, mabua matupu. Nikamwambia Ijumaa mambo yatakuwa yamekwisha. Akasema hata afisa aliyepita alimwambia Ijumaa.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, ile tuliyokuwa tunapita watoto. Nilitaka kuyaona mabwawa.

Enzi za baba hakuna aliyevuta maji mtoni kila saa. Maji yalizunguka. Yakitoka kwenye chekeche yalishukia bwawa la kwanza, mazito. Sisi watoto tuliliita Tope. Tope likituama, maji yalivuka ukuta mdogo kuingia la pili, yamepauka — hilo likaitwa Maziwa. Yakivuka tena yalikuwa Kioo, unaona hadi vidole vyako vya miguu, na baba anayavuta upya kwenda kuosha. Maji yaleyale, tena na tena!

Jumamosi mchana mashine zikizimwa tuliruhusiwa kuogelea Kioo. Baba mdogo alikuwa kijana mwembamba, mguu huku mguu kule. Alinifunga taulo tumboni akashika ncha, nami napiga maji kwa fujo. Siku aliyoiachia ile taulo bila kuniambia, nikaenda! Baba alitoka kwenye kibanda cha pampu akipiga makofi, mikono myeupe kwa vumbi. Ndiyo siku niliyoitwa Chura. Baada ya hapo hakuna aliyenishusha kwenye lile jiwe bapa, pale kwenye ukuta kati ya Maziwa na Kioo. Narukia hapo, natoka, narukia tena, mpaka midomo inakuwa ya bluu na mama anakuja na kandambili mkononi. Jamani. Ningetoa nini nirudishiwe Jumamosi moja tu?

Wenye machimbo wa wakati ule waliona maji ya mto ni bure, mabwawa ya nini? Wakayafukia kwa tope lake lenyewe. Baba alinuna hadi mama akachoka naye.

Tope sasa liko chini ya lundo la kokoto. Hilo linahamishika. Kioo limebaki shimo la nyasi, nimekaa ukingoni kama mfiwa. Na Maziwa? Maziwa nililala juu yake jana. Kiwanja kile baba mdogo alipewa kama asante ya kazi, akajenga yeye na mama mdogo, tofali kwa tofali. Ndiyo maana nyumba inacheka. Imekaa juu ya bwawa.

Jumatano, 6 Machi

Meneja ni kijana mzuri, siwezi kumsema vibaya. Buti safi mno tu. Kanipeleka getini kuona shimo alilochimbisha mwaka jana ili ayazungushe maji. Walilijaza asubuhi, wakaenda kula, wakarudi — kavu! Ardhi yote hii ni kokoto tupu, maji yanapenya kama kwenye kapu. Yanaposimama ni kule kwa zamani peke yake, kwa sababu chini kuna udongo wa mfinyanzi ambao baba na wenzake waliukanyaga kwa miguu, mistari mistari, huku wanaimba. Kama wewe si wa zamani utajuaje?

Meneja keshasikia kwamba mabwawa yalikuwepo. Akamgeukia baba mdogo: eti mzee, yalikuwa wapi hasa? Kwenye Kioo ameshafika. Anachouliza ni yale mengine, na kama maji yanaweza kupita pembeni. Hayawezi. Mteremko ni mmoja. Maji hayaruki nyumba.

Baba mdogo akajikuna sikio. "Siku nyingi, meneja. Sikumbuki vizuri."

Yeye! Mtu anayekumbuka nilivaa soksi za rangi gani siku ya kwanza ya shule!

Meneja akanigeukia mimi. Si nilikulia hapa? Nikasema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto kweli!

Mezani leo hakuna utani. Mama mdogo kanijazia sahani mara tatu bila kuniangalia. Baba mdogo anasifia hali ya hewa.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano chini ya chekeche. Meneja kawaambia kweli tupu: bila mahali pa mabwawa, kesho afisa anafunga pampu. Vijana wakageuza macho kwa wazee. Wazee wakatazama buti zao.

Wanajua. Mchomeleaji anajua, alikuwa kwenye mstari wa kukanyaga udongo, nyuma ya baba. Mzee wa mizani anajua. Hakuna aliyenyoosha kidole. Nani aionyeshe nyumba ya mwenzake ikabomolewe? Wamekubali kupoteza kazi wote, hivihivi, na mdomo umefungwa. Meneja kasema kama kuna nyumba itaguswa atajenga nyingine pale getini, nzuri zaidi, kabla ya kuvunja. Wazee wakaendelea na buti zao. Walipotawanyika nikamsikia mchomeleaji anamwambia baba mdogo asijali, kazi zipo kwingine. Kwingine wapi!

Nina hasira. Na wao, kwa kuwa watu wema wakati mbaya. Na bosi na "mwenyeji" wake. Na baba mdogo, nina hasira naye sana, na nampenda sana, ndiye baba niliyebaki naye. Nikifunga pampu, mama wa bustani anapata maji na hapa panakufa. Nikisema, nimembomolea nyumba mtu aliyenifundisha kuogelea. Nikinyamaza na kuondoka tu... hapana. Kile kikombe bado nakiona.

Jioni nilimsaidia mama mdogo kuosha vyombo. Akaniuliza, bila kugeuka, kama nakumbuka palipokuwa Maziwa. Nikajikaza kisabuni: nakumbuka, mama. Akasugua sufuria ileile hadi nikamhurumia. Akasema na yeye anakumbuka. Alikuwa akija kufulia pale kwa siri, msichana, imekatazwa, na kuna kijana mmoja wa chekeche aliyetumwa kumfukuza. Akaja kumfukuza kila siku.

"Nyumba si kitu," akasema. "Jiko langu ndilo linaniuma." Kisha akaniambia nikalale, macho yangu yamekuwa mekundu. Yake je?

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamshwa na kishindo. Pazia za sebuleni zimeshushwa. Makochi yako nje kwenye jua, yamekaa kama wageni waliokosa mwenyeji. Mama mdogo mlangoni, mikono kifuani: "Muulize baba yako kama kichwa chake kiko sawa. Hajanywa hata chai!"

Baba mdogo alikuwa uani na vigingi vyangu. Vigingi vya ofisi! Kavitoa kwenye gari kabla sijaamka. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Nikamwambia baba, subiri, mimi ndiye nitakayesema, hiyo ni kazi yangu, nilikuwa nakuja kukwambia leo. Akasema anajua nilikuwa nakuja. Ndiyo maana kawahi.

"Usiseme wewe," akaniambia. "Waje waseme ni Chura aliyetubomolea? Nitaonyesha mwenyewe. Kwa mguu wangu."

Akaanza kutembea. Nilimfuata na kigingi na nyundo mikononi. Alishika mstari wa ukuta wa Tope bila kutazama chini, akapita nyuma ya choo, akanikonyeza nipige kigingi cha kwanza, nikapiga. Cha pili penye kamba ya nguo. Anasimama kila mahali anasimulia: hapa kaka aliangusha spana akaizamia na viatu vyake, hapa ulipoteza ndala ukalia hadi usiku. Meneja kafika, kasimama mbali na kofia mkononi. Mchomeleaji naye, na wale wengine mmoja mmoja. Kibanda cha pampu kiko kimya, wamezima wenyewe.

Kisha baba mdogo akazunguka ukuta wa nyumba, akasimama mlangoni pa jikoni, akaomba njia. Mama mdogo hakusogea. Wakatazamana. Akasogea.

Jikoni aligonga sakafu kwa kisigino, hapa, pale, karibu na meko. Pakaitika pazito. Akacheka! Mara ya kwanza tangu Jumanne. "Jiwe lenu la kurukia," akasema. "Nililiacha hapohapo, nikajengea juu. Sikuwa na moyo wa kuling'oa." Kumbe. Kumbe ndiyo sababu hapa hakuna ufa. Mama mdogo kashika mdomo. Usafi wake wote ule!

Na mimi nikaliona lile jiwe kama liko wazi, limelowa, na baba anapiga makofi, na yeye kijana mwembamba anashika ncha ya taulo. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote, na jaketi langu la kung'aa.

"Kigingi cha mwisho kinakaa hapa," baba mdogo akasema. "Lete nyundo."

Nikatoka nje. Nimewaambia naandika vipimo kwanza. Siandiki vipimo, naandika humu. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nasikia mama mdogo anavua sufuria ukutani, moja moja, anazipanga. Baba mdogo anamwambia ile kubwa ashike kwa chini, isije ikamwangukia.

Sasa ananiita. Sauti ileile ya kutoka ukingoni, alipokuwa anataka nitoke majini nisipate baridi.

"Chura! Nyundo iko wapi?"

Nimeikalia.