Mashavu Uliyoyaacha Wazi

Mama yangu,

Shikamoo. Juzi mchumba wangu Shabana alipakwa manjano kwao. Kwa kuwa hukuwepo, naona ni haki yako kupata taarifa kamili kutoka kwangu, kabla wengine hawajaanza kuiongezea chumvi.

Shughuli hiyo wakwe zangu huiita pithi. Wewe uliijua karibu kama wao, maana kwa miaka mingi nyumba nyingi za Kihindi hapa Tanga hazikuozesha binti bila kukuita umpambe. Nakukumbuka umeketi uani kwetu Ngamiani ukichanganya manjano na unga wa dengu na marashi, vidole vimeshika rangi ambayo hata ndimu haikuitoa mara moja. Nakumbuka pia namna ulivyopamba kwa ajili ya siku hiyo. Wanja uliupaka kwa mkono usiotetereka, nyusi ukazichonga, midomo ukaigusa kwa rangi hafifu. Mashavu na paji la uso hukuyatia poda kamwe. Uliyapitishia mafuta ya nazi kidogo, ukakusanya brashi zako.

Mama mmoja alikuuliza mbele ya wageni kwa nini umemwacha binti yake nusu. Uliporudi ulinisimulia ukicheka: "Nikamwambia, nusu iliyobaki mnaimalizia nyinyi."

Nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa shahada ya sheria, na hoja hiyo sikuikubali. Nilisema uso ni mali ya mwenye uso. Akitaka poda hadi masikioni, apakwe. Ukasema manjano ya siku ile si urembo bali ni dua ipakwayo kwa mkono, na mkono lazima ukute ngozi. Nikajibu kwamba dua haizuiliwi na poda. Nikakutajia uhuru wa mtu, nikakutajia wajibu wa mtoa huduma, nikakutajia na vitabu. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukauliza: "Na hiyo sheria ya mashavu, msomi wangu, iko kifungu cha ngapi?"

Hakuna aliyemshinda mwenzake siku ile. Tuliurudia ubishi huo kila msimu wa harusi, nami sikuuchoka.

Ulipolazwa, hukuutaja tena. Ulimwita dada yako, Mama Mkubwa, ukamwambia nikisikia: "Mkwe wangu utampaka wewe. Usoni, kwa mkono wako." Shabana hakuwepo, na baada ya kukuzika hakuna aliyemwambia.

Basi juzi Mama Mkubwa alishuka kutoka Muheza na manjano mabichi aliyoagiza Maramba, akayatwanga kwenye kinu chako. Alinipaka mimi kwanza mikononi, kwa kuwa desturi ya wakwe zangu inataka bibi harusi apakwe yaleyale yaliyomgusa bwana harusi. Yaliyobaki akayafunika bakulini akaenda nayo. Mimi nilibaki nyumbani. Shughuli ni ya wanawake.

Huko alimkuta mpambaji, binti aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam. Sitamdharau. Nimeiona picha iliyopigwa alipomaliza: uso wote umesawazishwa, hakuna hata kivuli kisichokusudiwa. Lakini uso ule ulikuwa umekwisha, haukuwa na nafasi ya kitu kingine. Binti alieleza kwa adabu kwamba manjano yakikutana na poda ile yataganda mabongemabonge, na picha zote zitaharibika. "Usoni hapana, mama," akamwambia Mama Mkubwa. "Mikono na miguu inatosha."

Shangazi zake Shabana wakagawanyika, wengine upande wa desturi, wengine upande wa picha. Ndipo Shabana akanipigia simu.

"Niambie nifanye nini."

Ningeweza kumtajia maneno yako ya hospitalini, na suala lingeishia hapo. Niliyazuia kwa makusudi. Ningeyatamka, asingekuwa tena na la kuchagua. Angekuwa anatii amri ya marehemu. Nikamwambia, "Uso ni wako."

"Hujanisaidia," akasema, akakata simu.

Yaliyofuata nimeyapata kwake. Mama Mkubwa hakubishana na mtu. Alifunua bakuli, akashika lile goti lake bovu, akaanza kuinama aende miguuni. Shabana akamdaka kiwiko, akamwinua. Akamwomba mpambaji amfute mashavu na paji la uso, ila macho ayaache. Binti alinuna kidogo, kisha akachukua pamba na mafuta, akafuta kwa uangalifu uleule aliotumia kupaka. Alipomaliza, mama, uso uliobaki ulikuwa ule wako: wanja, nyusi, midomo, na ngozi tupu. Mama Mkubwa aliutazama, ndipo akachovya vidole.

Nilimwuliza Shabana sababu. "Sikutaka mama yule aniinamie," akasema. Hapo nikamweleza wosia wako. Alilia, kisha akanilaumu kwa kumficha, nami nikajitetea, naye akanijibu, na tukaendelea hivyo hadi chai ikapoa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu. Nyumba haitakosa ubishi.

Hoja yangu imesimama: aliyeamua ni mwenye uso. Yako nayo imesimama, maana mkono ulikuta ngozi. Nimejaribu kuitafuta kasoro katika hitimisho hilo na sijaiona. Wewe ungeiona, na ndiyo maana nakukosa kuliko nilivyotarajia.

Mama Mkubwa bado yuko hapa akingoja nikaha, Ijumaa. Jioni ile aliporudi nilimkatia ndimu asugue vidole, kama nilivyokuwa nikikukatia wewe. Alizitazama, akakisogeza kisahani pembeni.

"Acha kwanza," akasema.

Vipande vimekauka pale mezani, na vidole vyake bado ni vya njano. Sikumbishia.

Pumzika, mama. Ijumaa, kabla sijaitikia mbele ya mashahidi, nitakusomea Fatiha.

Mwanao,
mbishi wako wa Ngamiani