Aliye Njiani Haambiwi

Jumatano, 21 Mei 2025

Basi la Gulu. Mhariri hataki nisubiri mahujaji Namugongo na waandishi wengine, chini ya hema. "Niletee malengelenge, hotuba ninazo." Basi, malengelenge.

Nimejiunga na kundi la kanisa dogo la kambi ya polisi, Nsambya. Karibu wote ni watu wa kaskazini. Kila mwaka hupanda basi hadi Gulu, kisha hurudi Kampala kwa miguu, moja kwa moja hadi madhabahu ya Mashahidi, Namugongo, kwa sikukuu ya tarehe tatu Juni. Kiongozi ni Oyet, inspekta mstaafu. Wanamwita Afande. Amesoma sheria mbili kabla basi halijatoka. Ya kwanza: hakuna kupanda chochote chenye gurudumu. Akipanda mmoja, hija ya wote imeharibika. Ya pili: simu zote ndani ya gunia lake. Simu ni dunia, anasema.

Yangu nimebaki nayo. Kazi. Nilimwambia mapema kwamba mimi ni Mwislamu wa Katwe, asije akashangaa. Akasema jua la barabara ya Gulu halina dini. Kufika Kafu nilikuwa nimeshaitwa Hajati. Maka sijafika.

Ijumaa, 23 Mei

Lami inanata kwenye soli. Malori yanapita, yanatumwagia upepo wa moto.

Wa mwisho siku zote ni Filda. Mumewe, Odur, sajini mstaafu, amelala nyumbani kambini, figo zimekwisha. Filda ameweka nadhiri: akifika Namugongo kwa miguu, Odur atainuka. Anasema hivyo kama mtu anayetaja saa ya treni. Namba yangu amempa shemeji yake, Ocira, kwa dharura.

Nangila, anayeuza chapati kwenye geti la kambi, ndiye mcheshi wa kundi. Leo alimpigia Filda kelele: "Mama Ayaa! Konokono iko nyuma yako, naomba njia!" Kundi zima likacheka. Filda naye akacheka, amechelewa kidogo.

Jumapili, 25 Mei

Karuma. Ukucha wa Filda umetoka, kidole gumba cha mguu wa kulia. Kijana wa boda akasimama, akajitolea kumbeba bure hadi kituo chetu cha chakula. Oyet hakumkataza. Alimwambia: "Panda, mama. Halafu wewe mwenyewe utaambia hawa kwa nini Mungu amewanyima." Hakupanda.

Alipofika, sufuria ilikuwa imeshakwanguliwa. Nangila alimwonyesha ukoko na kumwuliza kama konokono hula ukoko. Aliula.

Jumatano, 28 Mei

Jua. Wawili wametapika. Filda anakanyagia kisigino. Hakuna anayempokea mzigo — kila mtu na wake, sheria ya tatu, imetungwa jana.

Alhamisi, 29 Mei

Luweero. Adhuhuri simu ililia. Ocira. Odur amefariki alfajiri, nyumbani. Mwili utaondoka Nsambya Jumamosi asubuhi kwenda kuzikwa kwao, nje ya Gulu. Kwa barabara hii hii. Wao wanapanda, sisi tunashuka. "Tutamchukua njiani. Asiambiwe kwa simu, dada. Nitamwambia mimi, macho kwa macho."

Nilimpelekea Oyet habari. Alivua kofia, akaivaa tena. Akasema msafiri hapewi kifo, anapewa ugonjwa. Kifo anaambiwa akiwa ameketi, watu wake wamemshika mabega. Nikamwambia kwetu angeambiwa kabla simu haijapoa, na Odur angekuwa amezikwa kabla ya magharibi.

"Hii si kwenu, Hajati."

Ni kweli. Nimeripoti misiba ya watu hawa ya kutosha, desturi ni hiyo. Lakini aliongeza: "Tena akijua leo atapanda gari leo. Na sisi?" Nayaandika maneno yote mawili, kwa mpangilio wake.

Kufikia chakula cha jioni kila mtu alikuwa anajua. Isipokuwa mmoja.

Ijumaa, 30 Mei

Wobulenzi hadi Bombo.

Asubuhi Nangila aliuchukua mzigo wa Filda, akaubeba juu ya wake. Oyet alichemsha maji, akatia chumvi, akamwosha mguu kwa mikono yake — Afande, amepiga magoti kwenye vumbi! Nyama ilipoiva, Filda alipewa ya kwanza. Kipande cha paja. Watu walisimama na sahani zao wakisubiri amalize.

Uso wake ulifunguka. "Mnaona? Mungu ameanza kujibu. Jana mlikuwa fisi, leo mmekuwa mama zangu." Mtu mmoja alikohoa.

Kisha akanigeukia. Akasema sisi waandishi tunaapishwa tusiseme uongo, au siyo? Nikamwambia hatuapishwi. "Hata hivyo wewe husemi. Ocira alipiga? Mzee anaendeleaje?"

Nikajibu: "Hana maumivu leo."

Sentensi sahihi. Mhariri yeyote angeipitisha.

Alipiga kigelegele kilichogeuza vichwa kwenye maduka ya ng'ambo. Hana maumivu! Miezi minane Odur hajalala bila kulia, na leo hana maumivu! Akawataka waseme amina. Wakasema. Nangila aliinamia moto, akalaumu moshi. Moto ulikuwa umeshakuwa majivu.

Mchana Filda alitembea mbele. Mbele kabisa, kwa mguu ule, akiimba. Nangila na mizigo yake miwili alibaki nyuma akihema, akamwomba apunguze. Filda akageuka, amejaa furaha kama msichana: "Konokono! Omba njia!"

Safari hii alicheka peke yake.

Usiku Oyet alikuja kuniambia nilijibu vizuri. Nilimwomba asinisifu.

Jumamosi, 31 Mei

Matugga, ukingoni mwa barabara. Naandika hapa hapa, kwa sababu mikono inataka kazi.

Ocira alipiga mapema. Wametoka Nsambya, wamekwama kwenye msongamano Bwaise. Pikapu nyeupe. Namba ya gari nimeiandika kiganjani. Oyet ametuketisha kwenye nyasi, mbele ya duka la majeneza, hakuliona alipochagua mahali! Tumehama hatua chache. Duka bado linaonekana.

Filda hataki kupumzika. Kawempe iko pale tu, anasema, mbona tumekaa kama wagonjwa. Wanawake wawili wameketi naye, mmoja kila upande, wamembana. Anawauliza kama wanasikia baridi, jua lote hili.

Sasa anataka simu. Ampigie Odur, amwambie ameiona Kampala kwa macho. Anajua ni sheria, lakini Afande siku hizi ni mtu mzuri. Oyet ananiangalia, anatikisa kichwa taratibu.

Nimesema chaji imeisha.

Simu ikalia mkononi.

Amecheka mpaka ameshika mbavu. "Hajati! Na wewe umejifunza uongo huko Nakasero, kwenye gazeti lenu!" Nimesogea kando. Ocira: "Tunawaona."

Inakuja. Taa zimewashwa mchana huu, matawi mabichi yamefungwa mbele. Nimesoma namba. Ni yenyewe.

Filda ameyaona matawi kabla ya wengine. Amejichomoa kati ya wale wawili, amesimama. "Inukeni! Marehemu anapita. Nyinyi mlilelewa wapi?" Wote wameinuka. Hakuna anayetazama barabara. Yeye amepiga magoti kwenye changarawe, mguu mbovu ndio uliotangulia, amefanya ishara ya msalaba. Anasema si lazima umjue mtu ndiyo umwombee, huyu naye ameacha mke mahali.

Anaanza: Raha ya milele umpe, ee Bwana.

Kuna maneno ambayo wengine wanapaswa kuitikia. Hata mimi nayajua sasa, nimeyasikia njia nzima. Nangila ameziba mdomo kwa kanga. Oyet ameshika kofia yake kifuani, midomo inatembea, sauti haitoki.

Filda amegeuka, bado yuko chini. "Mbona hamjibu?"

Pikapu imepunguza mwendo. Indiketa inawaka, upande wetu.