Mtungi wa Kamba ya Bluu

Jumanne, Madale

Miguu imevimba, na sijui kama nimekasirika au nimechoka tu.

Fomu za umeme za haya maonyesho ya vifaa vya hospitali ninayoyaandaa nilizimaliza jana, hata ya yule jamaa wa mashine za kuchemshia vyombo vya upasuaji, aliyeomba soketi moja kana kwamba anakuja kuchaji simu. Leo ilibaki ishu ya moto. Kila banda la maonyesho liwe na mtungi wake wa kuzimia moto, mkaguzi auone, asaini, ndipo kesho tuwafungulie madaktari milango.

Mkaguzi ni mzee mpole, mwendo wake wa taratibu. Nikampa shikamoo, tukaanza. Banda la vitanda, mtungi upo. Banda la maabara, upo. Banda la oksijeni, upo.

Hapo akainama, akashika kamba ya bluu iliyofungwa kwenye mpini.

"Mwanangu, huyu nimeshasalimiana naye mara tatu."

Wenye mabanda wakaangua kicheko. Walikuwa wanaupitisha mtungi huo mmoja nyuma ya mapazia, wakitutangulia. Sie tumezoea kuazimana, kuanzia chumvi hadi viti vya msiba.

Mzee hakucheka. "Na moto nao mtauambia usubiri zamu?"

Akaondoka bila kusaini. Atarudi saa kumi na mbili asubuhi, na milango inafunguliwa saa tatu.

Wote wananiambia pole sista, wamekuangusha. Hawajui. Ile kamba niliitambua tangu banda la pili. Nikanyamaza, maana nilitaka kuwahi kulala.